Anayekula Mwisho

Kila mwaka, siku aliyouawa Kapteni Mwaluko vitani, askari wake wa zamani walikuja kula kwa mjane wake. Mwaka huu mjane alikuwa kitandani, hajiwezi, kwa hiyo bintiye Tunsume ndiye aliyepakua. Waliposhiba, akaivuta sufuria yenye wali uliobaki aiondoe.

"Acha, mwanangu," alisema Sajenti Kibwana. "Hilo fungu la baba yako. Alikuwa hali mpaka aulize, nani hajala? Tukinyamaza wote, ndipo anakula."

"Basi uliza, baba."

Kibwana alikohoa. "Nani hajala?"

Wazee walinyamaza, kama kila mwaka.

"Mimi," alisema Tunsume.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kibwana akafunua sufuria, akampakulia wali wote, hadi ukoko. Tunsume akala taratibu, na wazee wakakaa wamenyooka, mikono magotini, wakimsubiri amalize.