Punda Atafuta Hila kwa Yangeyange

Alikuwapo Punda, mchukuzi wa maji, asiyekubali neno bila ushahidi. Kupe walimjaa masikioni, wala hakuwa na bima. Siku asiyobeba, alilala njaa. Aliposikia kwamba Yangeyange hutibu wachukuzi kwa ada ya unyasi mmoja wa kiota, akaenda kumhoji.

“Rahisi hivi, bwana mganga? Hila iko wapi?”

“Ipo,” akajibu Yangeyange, huku akimdonoa kupe masikioni. “Kupe ndio chakula changu. Nawe urudi kila wiki, hata ukijiona mzima. Kupe wachache ni mlo. Wakizidi, utakufa, nami nikose mlo: ni msiba kwetu sote.”

Punda akaisaka kasoro katika hoja hiyo, asiione. Masikio yakawa mepesi.

Wiki iliyofuata akarudi na wachukuzi wote, kila mmoja na unyasi mdomoni.

“Umekuja kunishitaki?” akauliza Yangeyange.

“Nimekuletea mashahidi,” akasema Punda, akainamisha sikio.