Mgongo wa Sefu

Siku hizi hanyongwi mtu mpaka filamu ya maisha yake ionyeshwe kila nyumba, na kila nyumba ibonyeze: anyongwe au aachwe hai. Hukumu haitoki mpaka nyumba ya mwisho ijibu. Na ukishabonyeza, filamu inafutika kwako moja kwa moja.

Filamu ya Kibwana iliwaliza watu mtaa mzima. Mama Zuwena, jirani, aliingia kwa Mwantumu macho yamemvimba.

"Shoga, sisi tumemwacha hai. Yatima yule, kalelewa kwa mateke. Wewe je?"

"Bado naangalia."

Mama Zuwena akainamisha kichwa. Alikuwa amesahau kwamba aliyeuawa na Kibwana ni mume wa huyu anayemuuliza.

"Wala sitaki anyongwe," Mwantumu akamtuliza. "Kumnyonga hakunirudishii Sefu."

Jirani alipoondoka, Mwantumu akafunga mlango. Katika filamu nzima Sefu alionekana mara moja tu, tena kwa nyuma: anafungua duka, kavaa shati ambalo Mwantumu alimpigia pasi asubuhi ile, anajikuna shingo. Kisha anaingia Kibwana, na filamu inaendelea kumlilia Kibwana.

Chini ya picha maandishi yalimsihi: Imebaki nyumba yako tu. Mfungwa anasubiri.

Mwantumu alimwona akilini, kakaa kitako gerezani, masikio yote mlangoni. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kumwokoa. Kidole kikasita, kisha kikarudisha filamu nyuma.

Sefu akafungua duka, akajikuna shingo.