Alama za Tupa

"Imekwaruzika, shemeji. Haina thamani tena," alisema Gwakisa.

Alikuwa Wheaton, Marekani, jikoni kwa mjane wa rafiki yake, ameshika dola ya fedha ya mwaka 1795 ambayo marehemu alikataa katakata kumuuzia. Sasa aliitaka kwa bei ya kutupa.

Mistari myembamba ilikatiza nywele za mwanamke aliyechorwa juu yake. Gwakisa aliifahamu vizuri. Mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia waliipiga tupa sarafu iliyozidi uzito kabla ya kuitia chapa.

Mjane akaichukua, akaketi taratibu.

"Basi ni mimi," alisema. "Alipolazwa ICU nilipaniki, nikaificha kwenye kopo la vifungo. Alinikanya nisiitoe kwenye kasha lake. Kitu pekee alichokipenda hivyo, nimekiharibu."

Alipitisha kidole gumba juu ya ile mistari, akarudia, machozi yakimdondoka.

"Si wewe!" Gwakisa akaropoka. "Ilitoka kiwandani hivyo hivyo. Ni alama za tupa. Hazipunguzi kitu."

Kidole kikasimama. Mjane akaifumbata sarafu, akamtazama.

"Ulilijua hilo tangu ulipoishika, shemeji?"

Gwakisa alishindwa kuinua macho.