Fundo la Kisogoni

Mwanapili alisimama mbele ya msafara wa arusi na zumari pacha za marehemu baba yake. Mkanda wa ngozi wa kubana mashavu ulimning'inia usoni, haujafungwa. Katika mji ule mpigaji hakujifunga mwenyewe. Alifungwa kisogoni na mtu wa damu yake, na Mwanapili hakubakiwa na ndugu.

"Usijitese, mwanangu," alisema Bwana Vuai, mkuu wa ngoma. "Asiye na wa kumfunga hapigi. Lete zumari, zihamie nyumba nyingine."

"Ngoja basi niyaonje matete yake, Bwana. Kisha uzichukue."

Akayatia kinywani yale matete mawili. Papo hapo mkanda ukakaza. Vidole vikavu vilimpapasa kisogo, vikafunga fundo, kisha vikalivuta taratibu lisimuumize, kama baba alivyozoea kumfunga ushungi utotoni.

Wapiga ngoma waliokuwa nyuma yake wakarudi kinyumenyume. Bwana Vuai alikodoa macho juu ya bega la Mwanapili.

"Piga, mwanangu," alinong'ona. "Piga, wala usigeuke."

Mwanapili akavuta pumzi. Karibu kabisa na sikio lake, mtu mwingine naye akavuta.