Sentensi Niliyomfundisha Bosi

Bosi wetu Mkorea alikuwa akiniita "mwalimu," nami kwa kujiona nikawa naitika. Kila mapumziko ya mchana, pale kwenye karakana ya mawigi mtaani Jeppestown, nilimfundisha kitenzi kimoja cha Kiingereza. Jumatatu ilikuwa zamu ya "compete," yaani kushindana. Akataka mfano.

"Mimi na Célestine tunashindana kushona," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayeshinda."

Célestine, fundi mwenzangu, alicheka mpaka akashika meza. "We kaka, unishinde mimi? Endelea kuota!"

Bosi hakucheka. Aliiandika sentensi yote kwenye daftari lake, kwa herufi za kwao.

Ijumaa akatukalisha sisi wawili, kila mtu na wigi lake, saa katikati ya meza.

"Kazi imepungua. Anabaki mmoja," akasema. Kisha akafungua daftari, akasoma bila kukosea: "Compete."

Célestine ni fundi kunishinda mara mbili. Lakini jana yake sindano ilimchoma kidole, na sasa plasta ilikuwa inanasa kila uzi.

"Kaka," akaninong'oneza, "si ulikuwa unatania?"

Plasta ikaanza kuwa nyekundu.

Nikainamisha kichwa, nikaongeza kasi.