Pipa la Kakakuona

Nungunungu alikuwa na kampuni ya michezo ya video. Kakakuona, mfanyakazi wake mzito, alikuwa bado anahangaika na mchezo mmoja mkubwa wa runinga. Panzi alitoa michezo midogo ya simu kila mwezi, na kila siku alimcheka mwenzake na kumwita gogo.

Asubuhi moja Nungunungu akawaita, miiba imemsimama. "Kakakuona, kusanya vitu vyako. Simu ndizo zinazotulisha."

Kakakuona akaanza kufunga begi.

"Na wewe Panzi, nataka mchezo mpya Ijumaa."

Panzi akalitazama pipa la taka chini ya meza ya Kakakuona. Humo ndimo alimookota joka wa mchezo wake mmoja, farasi wa mwingine, hata yule chura mwenye miwani aliyependwa na msitu mzima. Ilikuwa michoro ambayo Kakakuona aliitupa akiona haifai.

"Bosi, asiondoke," alisema.

"Si wewe uliyemwita gogo?"

"Nilimwita. Lakini michezo yangu yote naiokota kwenye pipa lake. Akienda, Ijumaa sina kitu."

Miiba ya Nungunungu ikalala polepole. "Kakakuona, fungua begi. Usichokitaka, mpe Panzi mkononi, na jina lako liandikwe kwenye mchezo."

Tangu hapo pipa lile limebaki tupu.