Maji ya Vuguvugu

Kamba wachanga walikuwa wamepinda migongo tena. Mlezi wao akawachota kwa kichujio, akawamwaga kwenye ndoo. Mwanzoni alikuwa analia. Siku hizi moyo ulishakufa ganzi, akawamwaga kama anayemwaga makombo.

"Mama, na hawa wanaofuata wakiharibika nafunga hiki kituo cha kuangulia kamba," bosi alisema. "Nimeshindwa."

Kila mtu alimjua mchawi: mashamba ya kule juu, yanayopuliziwa dawa ya wadudu. Mvua ikinyesha dawa huingia mtoni, na mto humwagika baharini, pale pale kituo kinapovuta maji. Mume wa mlezi alikuwa mpuliziaji huko huko.

"Dawa yenu inatumaliza," alimwambia alfajiri, akifikicha, kama kila siku, ovaroli la mumewe linalonuka dawa kwenye beseni, povu limemfika viwikoni.

"Dawa haina miguu. Itafikaje huko?" Mume akaendelea na chai yake. Mlezi akajifuta mikono kwenye gauni, akawahi kazini.

Bosi alileta maji kwa lori kutoka bahari ya mbali, yaliyopimwa yakaonekana safi. Yale ya mdomoni mwa mto alibakiza kidogo ya kulinganishia, kwenye tangi dogo mlangoni mwa ofisi yake. Hilo alilihudumia mwenyewe, kwa kipimajoto.

"Mimi sina kiwiko chako," alimtania.

Kweli, kiwiko cha mlezi kilikuwa na sifa. Akikichovya katika kila tangi alijua maji yamepoa au yamezidi moto. Ndivyo alivyomwogesha binti yake zamani, na ndivyo anavyomwogesha mjukuu sasa, mtoto mpole wa miezi minane ambaye shingo yake bado haijakaza. Majirani walisema atakaza tu, asiwe na haraka.

Mayai yakaanguliwa. Mlezi akapita tangi kwa tangi na tochi. Wamepinda. Wamepinda. Wamepinda. Hakusikia hata uchungu.

"Mama, hebu njoo uone," bosi aliita.

Kwenye tangi dogo kamba walikuwa wakiogelea, wamenyooka kama sindano.

"Na maji ni yale yale ya mdomoni mwa mto," bosi alisema. "Mimi sielewi."

Kwa mazoea, mlezi alikuwa ameshakunja mkono wa gauni ili apime joto. Kiwiko kikabaki juu ya maji, hakishuki.

Simu yake ikaita. Ni binti yake.

"Mama, unachelewa. Mtoto nimeshamvua nguo, na maji yanakisubiri kiwiko chako."